Mume wangu ameacha vidonge vya presha, anasema waini nyekundu inatosha

Shangazi, salamu nyingi kutoka Tororo.

Huwa nasoma safu yako kwenye simu ya binti yangu, lakini leo yamenifika shingoni nikaona niandike mwenyewe. Nina miaka 49, nauza vitenge sokoni. Mzee wangu ana miaka 61, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Mwaka aliostaafu ndipo ikagundulika ana presha. Siku ya kwanza walimpima wakapata 168 kwa 102. Akapewa amlodipini, akawa anameza kila asubuhi, na presha ikashuka vizuri. Shida ikawa miguu. Ikifika jioni inavimba mpaka viatu havimwingii, naye alikuwa mtu wa kupenda viatu vyake ving'ae.

Krismasi iliyopita kijana wetu anayefanya kazi Kampala alikuja na boksi la waini nyekundu la lita tano, lile lenye kibomba chini. Pamoja na boksi akaleta na video ya WhatsApp. Mzungu mwenye koti jeupe anaeleza kwamba Wafaransa hula siagi na nyama nono lakini mioyo yao haiugui kama ya wengine, kwa sababu wanakunywa waini nyekundu, eti inasafisha mishipa ya damu. Mzee ameiangalia video hiyo mpaka ameikariri. Alianza na glasi moja usiku baada ya chakula. Siku hizi ni mbili kubwa, na wageni wakiwepo ni tatu. Tangu Pasaka vidonge hajavigusa. Nikimuuliza ananijibu, "Hii dawa ya zabibu haivimbishi mtu miguu."

Kinachonifunga mdomo ni mashine. Tunayo ile ya kupimia presha nyumbani. Kila usiku akishamaliza glasi yake anajifunga ule mkanda mkononi, anapima, halafu ananiita nije nione. Juzi ilikuwa 126 kwa 78. Sasa mimi nibishane na namba?

Shangazi, mimi ni mlokole, pombe haikuwahi kulala nyumbani kwetu. Nilipoenda Mbale kuchukua mzigo nikaona dukani waini nyekundu isiyo na kilevi, nikanunua chupa moja kwa shilingi 38,000. Alipoonja akaisukuma pembeni. Akasema hiyo ni juisi ya watoto wa shule ya Jumapili, kwamba kinachotengeneza mishipa ni ile pombe, na ukishaitoa umebakiwa na rangi tu. Wifi yangu alikuwepo, akacheka, akasema naleta mambo ya kanisa kwenye mambo ya hospitali.

Naomba uniambie ukweli. Waini nyekundu inasaidia mishipa ya damu au haisaidii? Ile isiyo na kilevi ina kazi yoyote au nilitupa pesa? Na nimwambie vipi mzee bila kumvunjia heshima?

Mama Vitenge, Tororo

Mama Vitenge, mwanangu, pole sana. Naanza na mashine, maana hapo ndipo mzee alipokushinda, na hapo hapo ndipo anapojidanganya.

Mashine inasema kweli. Tatizo ni saa anayoiuliza. Mtu akinywa pombe ya kutosha, mishipa ya damu hulegea kwa muda, uso unapata joto, moyo unaongeza mbio, na presha inashuka. Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio mengi ya aina hii. Walikuta kwamba mtu akinywa zaidi ya gramu 30 za kilevi kwa mara moja, presha hushuka katika saa 12 za mwanzo, halafu kuanzia kama saa ya 13 inapanda kupita ilivyokuwa kabla hajanywa. Glasi mbili kubwa za mzee ni karibu nusu chupa, yaani mililita 375. Kama waini yake ni ya asilimia 13, amekunywa gramu 38 hivi za kilevi. Akinywa saa mbili usiku, mashine itamsifu kabla ya kulala, na deni litadaiwa saa tatu asubuhi, mashine ikiwa kabatini na yeye akiwa anatembea mjini. Hata zile glasi akizifanya za kila siku kwa miezi, presha yake ya kawaida ndiyo inayopanda. Pombe ya kila siku ni sababu mojawapo ya presha ambayo madaktari wameijua kwa miaka mingi, na haijali kama imetoka kwenye zabibu, kwenye tonto ya ndizi au kwenye malwa ya ulezi.

Kwa hiyo usibishane na namba zake. Mwombe namba nyingine. Apime asubuhi akiamka, akishakwenda haja ndogo, kabla ya chai na kabla ya dawa yoyote. Akae kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane, atulie dakika tano bila kuongea. Mkono auweke juu ya meza ili mkanda uwe usawa wa moyo, na mkanda ukae juu ya ngozi, si juu ya mkono wa shati. Apime mara mbili, akiacha dakika moja katikati, aandike zote mbili na saa. Afanye hivyo siku saba. Jioni apime pia kama anataka, lakini kabla ya glasi. Mwalimu mkuu hawezi kukataa daftari.

Sasa hiyo video. Habari ya Wafaransa si uzushi, ina asili yake. Mwaka 1991 televisheni moja ya Marekani iliitangaza, na Wamarekani wakakimbilia madukani kununua waini nyekundu. Mwaka uliofuata mtafiti Mfaransa, Serge Renaud, na mwenzake wakaandika kwenye jarida la Uingereza la Lancet kwamba huenda unywaji wa waini ndio unaoeleza kwa nini Wafaransa walikufa kidogo kwa ugonjwa wa moyo ingawa walikula mafuta mengi ya wanyama. Miaka mingi baadaye bado watu wanarusha habari hiyo WhatsApp kana kwamba imetoka jana.

Kilichofuata ndicho video haikumwambia mzee. Watafiti waliporudi kuchambua zile hesabu waliona kasoro kubwa. Kwenye kundi la wasiokunywa walikuwa wamechanganywa watu walioacha pombe kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Ukiwalinganisha hao na mnywaji wa glasi moja mwenye afya, mnywaji lazima aonekane shujaa. Halafu, nani anakunywa waini? Angalia hapa kwetu Uganda. Anayekunywa glasi moja ya waini kwenye baraza la nyumba Kololo, mtaa wa matajiri Kampala, ana pesa ya mboga na matunda, ana bima, ana daktari wake, analala usingizi wa kutosha. Ukimlinganisha na mbeba mizigo wa Malaba ukakuta moyo wake ni mzima, si haki kuisifu chupa. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na sababu kubwa waliyoitaja ni saratani. Sina nia ya kumtisha mzee kwa saratani. Najua wanaume wa umri wake, ukiwatisha wanaongeza glasi.

Lakini swali lako lilikuwa mishipa, na hapa kuna jambo zuri ambalo litakufurahisha.

Ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando mwembamba sana, chembe moja tu kwa unene. Wala si bomba la kusafishwa kwa brashi, kama yule Mzungu anavyosema. Utando huo una kazi: unatengeneza gesi iitwayo nitriki oksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoiambia misuli ya mshipa ilegee, damu ipite. Waliogundua kazi ya gesi hii walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Presha ya muda mrefu, sigara, sukari na uzee huuchosha utando huo, na mshipa unakuwa mgumu.

Kuna namna ya kuupima. Wanakufunga mkanda kwenye mkono kama wa presha, wanaukaza kwa dakika tano mpaka damu isipite, halafu wanauachia ghafla huku wanaangalia mshipa mkubwa wa mkono kwa mashine ya picha, aina ile wanayotumia kuangalia mtoto tumboni. Damu ikirudi kwa kasi, mshipa wenye afya unatanuka. Mshipa uliochoka unabaki vilevile, au unatanuka kidogo sana. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti mdogo wa watu 12 wenye afya waliokunywa waini nyekundu mililita 250, mara moja yenye kilevi na mara nyingine ileile iliyotolewa kilevi. Mishipa ilitanuka vizuri zaidi baada ya ile isiyo na kilevi. Ile yenye kilevi iliongeza mapigo ya moyo.

Utafiti ambao ningetaka mzee ausikie ulifanyika Barcelona, Hispania, ukachapishwa mwaka 2012. Walichukuliwa wanaume 67 waliokuwa kwenye hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo, watu wa aina ya mzee wako. Kila mmoja alipitia vinywaji vitatu, wiki nne kwa kila kimoja: waini nyekundu yenye gramu 30 za kilevi kwa siku, waini nyekundu iliyotolewa kilevi kwa kiasi kilekile cha glasi, na pombe kali iitwayo jini yenye gramu 30 za kilevi. Jini haikufanya kitu kwenye presha. Waini yenye kilevi, mabadiliko yake yalikuwa madogo mno kuhesabiwa. Iliyotolewa kilevi ndiyo iliyoshusha presha, kama pointi 6 namba ya juu na 2 ya chini, na nitriki oksaidi kwenye damu iliongezeka.

Kwa hiyo mzee alisema ukweli bila kujua: ukitoa pombe, umebakiwa na rangi. Rangi ndiyo yenyewe! Waini nyekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu, nyeupe hukamuliwa maganda yakatupwa. Kwenye maganda na mbegu ndiko kuna zile kemikali za mimea ziitwazo polifenoli, zinazoipa wekundu na ule ukakasi wa ulimini. Kilevi kinaweza kuondolewa kiwandani na sehemu kubwa ya polifenoli zikabaki. Pombe inapokuwepo, inaelekea inakula kazi waliyoifanya wenzake.

Usimkimbilie wifi yako na habari hii bado. Watu 67 kwa wiki nne ni wachache, walikuwa wanaume tupu, na pointi 6 hazimfikishi mahali salama mtu aliyeanzia 168. Hakuna aliyeonyesha kwamba waini isiyo na kilevi inaweza kuchukua nafasi ya vidonge. Na piga hesabu ya biashara, wewe ni mfanyabiashara. Kiasi walichokunywa Barcelona kilikuwa kama mililita 270 kwa siku. Chupa yako ya 38,000 haifiki siku tatu. Kwa mwezi ni zaidi ya laki nne, kwa kinywaji! Chupa moja ya sikukuu, sawa, hukutupa pesa. Ya kila siku, hapana.

Tena angalia ulichonunua. Zile chupa zenye mapovu wanazofungua kwenye kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa, na kwenye harusi za walokole nyingi ni juisi ya zabibu na sukari zilizovalishwa shingo ndefu. Isome karatasi ya nyuma: lazima iseme ni waini iliyotolewa kilevi, na uangalie gramu za sukari. Nyingine hubaki na kilevi kidogo, mpaka asilimia 0.5, kama imani yako haikubali hata hicho, ni vizuri ujue kabla hujamimina. Nayo waini ya nanasi, ya ndizi au ya rosela inayotengenezwa majumbani ni pombe kama pombe nyingine, hata ikiwa nyekundu namna gani.

Kama mzee anataka kitu chekundu cha kushika usiku, mchemshie rosela, lile ua jekundu kavu wanalouza sokoni kwa kipimo. Huko Marekani watu 65 wenye presha iliyoanza kupanda, wasiotumia dawa, walifanyiwa jaribio: waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, namba yao ya juu ilishuka kama pointi 7, na waliopewa kinywaji cha kuigiza ikashuka kama 1. Usimwekee vijiko vinne vya sukari, utakuwa umeharibu. Kwa kuwa yeye ni mtu wa dawa, amtajie daktari kwamba anaitumia. Jambula, yaani zambarau, zikiiva zina rangi ya jamii hiyohiyo. Chumvi ndiyo kubwa zaidi: kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile ya kwenye mchuzi wa karanga, ya samaki mkavu na ile anayojinyunyizia mezani kabla hata hajaonja.

Nirudi kwenye vidonge, maana huko ndiko kunakonitia hofu kuliko hata waini. Kuvimba miguu kwa amlodipini ni jambo linalojulikana sana. Dawa inalegeza mishipa midogo, maji yanajikusanya kwenye vifundo. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kuongeza dawa nyingine pembeni au kumbadilishia kabisa. Zipo kama losartani ambazo kwa kawaida hazivimbishi miguu. Sababu yake ya kuchoka na dawa ilikuwa ya haki, ila alipaswa kuipeleka kiliniki badala ya kuipeleka kwenye boksi. Aende wiki hii. Asianze mwenyewe kumeza vidonge viwili viwili ili kufidia miezi aliyoacha. Na amwambie daktari kiasi halisi cha glasi, kwa sababu pombe na dawa za presha zikikutana mtu anaweza kusimama usiku akaona giza akaanguka. Kama siku asipokunywa mikono inatetemeka au anatoka jasho, hilo pia daktari alijue kabla hajaacha ghafla.

Sasa, mimi ni shangazi, na shangazi huuliza hata yasiyoandikwa kwenye barua. Wanaume wengi wanaoacha vidonge vya presha hawaachi kwa sababu ya miguu. Wamesikia kijiweni kwamba vidonge vinaua nguvu za kiume, na hawawezi kukwambia. Baadhi ya dawa za presha zina lawama hiyo kweli, lakini amlodipini na losartani si miongoni mwa zinazolaumiwa sana. Kinachoharibu mambo hayo mara nyingi ni presha yenyewe, maana ni kazi ya utando uleule na gesi ileile, na pombe ya kila usiku haisaidii. Mkiwa wawili tu, mtajie kwa upole kwamba umesoma kuwa dawa zinabadilishwa mtu akieleza. Usimuulize. Mtajie tu, uendelee na mengine.

Kuhusu heshima: usimjibu mbele ya wageni, wala usiitoe ile waini ukaimwaga. Ukimwaga, kesi itakuwa ya boksi, si ya presha tena. Mpigie kijana wako Kampala. Yeye ndiye aliyeleta boksi na video, na baba anamsikiliza. Basi yeye ndiye ampigie baba amwambie habari ya Barcelona, kama mtu aliyegundua jambo jipya, na amwombe picha ya daftari kila asubuhi. Wifi mwache acheke. Namba za asubuhi zikitoka mtaenda nazo kiliniki wote wawili, wewe ukiwa umebeba na ile pakiti ya amlodipini ili waone ni ya miligramu ngapi.

Usisubiri siku saba kama asubuhi yoyote atapata 180 kwa 120 au zaidi hata baada ya kupumzika na kupima tena. Mpeleke siku hiyohiyo. Na kama uso utapinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, maneno yakavurugika, kifua kikabana au pumzi ikamkatika, ni hospitali papo hapo, haidhuru ni saa ngapi.

Jambo moja zaidi. Umeniandikia presha ya mzee mpaka pointi ya mwisho, yako hukuitaja. Una miaka 49, unasimama sokoni kutwa, na sasa una hili la kukunyima usingizi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Uganda ana presha, na walio wengi hawakuwa na habari. Mashine mnayo. Kesho asubuhi, mzee akimaliza kupima, jifunge na wewe, uandike kwenye ukurasa wako.

Shangazi